Pua ya Kwenye Fremu

Nilikuwa nimelala chali kwenye kitanda cha upasuaji, dripu mkononi, pua imechorwa mistari ya kalamu ya zambarau, nesi aliponiwekea bahasha kifuani.

"Mchumba wako kaiacha mapokezi. Kasema ni mfano wa pua, Daktari aufuate."

Mfano?

Mimi sikuleta mfano wowote! Mimi nilisema tu nataka pua ipungue kidogo, iwe nyembamba...

Nikaifungua.

Jamani!!

Ndani mlikuwa na picha ya mwanamke. Kajifunga kitambaa cha bluu kichwani, anaitazama kamera moja kwa moja, anatabasamu kwa mbali.

Sikuwahi kukutana naye, lakini nilimjua. Alikuwa mke wa mchumba wangu. Marehemu mke wake.

Na picha ile niliitengeneza mimi, kwa vidole hivi hivi vinavyowaandikia hapa.

Ile mashine ya mapigo ya moyo pembeni yangu ikaanza kupiga kelele...

Ngojeni kwanza niwarudishe nyuma. Mkisikia kipande hiki peke yake mtamlaani mtu mmoja, wakati kwenye mkasa huu wa kulaumiwa tuko wawili.

Mwenzenu kazi yangu ni kusafisha picha. Nipo studio moja ya mtaani, chumba cha mbele cha kupigia, chumba cha nyuma changu mimi na kompyuta, katikati pazia. Mwaka wa kumi na moja huu.

Chunusi natoa. Jasho nakausha. Bwana harusi aliyefumba macho namfumbua. Shangazi aliyegombana na familia namtoa kwenye picha, na wakipatana mwakani namrudisha.

Mtaani wananiita Fundi.

Lakini si mnajua kinyozi hajinyoi? Nyuso za watu nilikuwa nazinyoosha kutwa nzima, wangu siupendi. Nilikuwa na orodha kabisa, nimeiandika kwenye simu: pua, kope, kidevu, kovu la shavuni.

Vitu vinne. Na akiba yangu ya miaka mitatu ilikuwa ya kitu kimoja tu.

Sasa kati ya hivyo vinne, kimoja hakikuwa cha urembo. Kope ya jicho langu la kushoto ilikuwa inashuka. Ilianza taratibu, nikadhani uchovu. Mwaka jana ikafika katikati ya mboni. Ili nione vizuri ilibidi ninyanyue paji la uso kutwa nzima, jioni kichwa kinauma hadi natapika.

Nikaanza kubandika utepe. Kipande cha plasta, kutoka kwenye kope hadi chini ya nyusi. Mteja akiingia, natoa. Akitoka, nabandika.

Halafu makosa yakaanza.

Bibi harusi mmoja alitoka na vidole sita. Nyie mnacheka, mwenzenu nilitaka kufa! Picha imeshachapwa kubwa ya ukutani, familia nzima imekuja kuichukua, mtoto mdogo akahesabu kwa sauti.

Bosi akaniita nyuma ya pazia.

"Fundi, unaona kweli?"

"Naona, Bosi."

"Mwezi ujao ukinitolea kingine kama hiki, nitamleta mtu mwingine kwenye hicho kiti. Usinilaumu."

Hiyo ndiyo ilikuwa hali yangu. Miaka thelathini na sita, jicho moja linafunga duka, na kazi ndiyo hiyo hiyo ya kuona.

Mngekuwa nyinyi mngetengeneza nini kwanza?

Jicho, si ndiyo?

Mimi nilichagua pua.

Subirini, msinitukane bado. Kulikuwa na Mwalimu.

Mwalimu ni mwalimu wa udereva. Nilimfahamu miaka minne iliyopita, aliponiletea picha ya mke wake kwenye mfuko wa nailoni. Paa lake lilivuja, maji yakaingia kwenye fremu, picha ikagandana na kioo. Alipoibandua, katikati ya uso ikabaki kwenye kioo. Macho yapo, kidevu kipo, kitambaa cha bluu kipo. Pua hakuna kabisa. Mahali pake weupe mtupu.

"Hii ndiyo pekee niliyobaki nayo," akasema. "Nyingine zilikuwa kwenye simu, ikaibwa. Unaweza?"

"Njoo Ijumaa."

Akarudi Ijumaa. Nikampa picha kwenye fremu mpya. Akaishika kwa mikono miwili, akakaa kwenye kile kiti cha wateja, akalia bila kujificha. Kisha akaweka kidole kwenye pua ya ile picha.

"Hapa," akasema. "Hapa ndipo nilipokuwa nikimbusu asubuhi kabla ya kwenda kazini. Umemrudisha mwenyewe, Fundi. Mungu akubariki."

Nami machozi yakanilenga. Nikajiona mtu wa maana.

Tangu siku ile akawa analeta wanafunzi wake wapigwe picha za leseni. Akija na mmoja anakaa nusu saa. Akawa anakuja hata bila mwanafunzi. Bosi akaanza kukohoa nyuma ya pazia kila akisikia sauti yake.

Miaka miwili iliyopita akanichumbia. Mtu mpole, hanywi, hapigi kelele, gari lenyewe analiendesha kama amebeba mayai. Mimi niliyekuwa nimeshakata tamaa, kila harusi naiona kwenye kompyuta tu... nilimpenda jamani. Nilimpenda sana.

Ila harusi ikawa haina tarehe.

Nikiuliza, anatazama pembeni. Siku moja nikambana, tumekaa ndani ya gari lake la kufundishia, lile lenye breki mbili.

"Mwalimu, niambie ukweli. Tatizo nini?"

Akarekebisha kioo cha pembeni.

"Niambie tu!"

"Fundi wangu... kuna kitu kimoja tu."

"Kipi?"

"Pua."

Nikadhani sijasikia.

"Pua imefanya nini?"

"Haijafanya kitu. Ila kama ingekuwa nyembamba kidogo... ungekuwa umekamilika. Siwezi kueleza. Nikikutazama kuna kitu kinakataa, na najua ni hapo."

Nyie! Mtu anakuambia hivyo mchana kweupe, na mguu wake upo kwenye breki!

"Na jicho langu je? Mwalimu, sioni. Kazi inanitoka."

"Jicho litasubiri. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, mpenzi wangu. Tengeneza pua, wiki mbili baadaye nakupeleka kwetu, tunafunga ndoa. Jicho tutalitafutia hela tukiwa wawili."

Tukiwa wawili. Maneno hayo mawili ndiyo yaliyonimaliza.

Dada yangu mkubwa ni msusi. Nilipomweleza, aliacha kichwa cha mteja katikati ya mstari.

"Umesema?"

"Pua kwanza, Dada. Jicho baadaye."

"Akili ni nywele, mdogo wangu, na mimi za kwako nilishindwa kuzisuka tangu utotoni. Pua inakunyima nini?"

"Inaninyima ndoa."

"Na jicho?"

Nikaanza kuokota nywele sakafuni.

"Kipofu mwenye pua nzuri!" Dada akamwambia mteja wake kwenye kioo. Mteja akacheka. Mimi nikatoka nje nikalia nyuma ya saluni, karibu na ndoo za maji.

Nikaenda kwa Daktari. Mama wa makamo, miwani kwenye kamba, haongei sana. Akanipiga picha za uso mbele na pembeni, akanipima, akasoma orodha yangu kwenye simu.

"Una hela ya vyote?"

"Ya kimoja."

"Basi sikiliza, mwanangu. Wenye hela ya kimoja huwa nawapa utaratibu. Anza na kinachokuzuia kufanya kazi. Kikiisha hicho, nenda kwenye kinachokuuma. Kikiisha hicho, nenda kwenye kinachokuudhi wewe mwenyewe ukijitazama. Kinachomuudhi mtu mwingine hakimo kwenye utaratibu wangu."

"Pua inaniudhi mimi, mama."

Nilimdanganya nikiwa nimemkazia macho. Jicho moja na nusu.

Akanirudishia simu. "Mpaka siku yenyewe unaweza kubadili. Hata ukiwa kitandani."

Basi, ndiyo siku yenyewe hiyo niliyowaanzia. Mwalimu alinileta asubuhi, akasema ana mwanafunzi wa mtihani, akanipiga bega kidogo, akaondoka. Dada alikuwa nje kwenye benchi. Alikuja ingawa alikuwa haongei na mimi.

Sasa nimelala pale, picha ya marehemu mkononi, mashine inapiga kelele.

Akili ikaanza kupanga vitu vyenyewe. Kile "kitu kinachokataa" alichokuwa anakiona akinitazama. Siku aliponinunulia kitambaa cha kichwa, cha bluu, akanifunga mwenyewe, akarudi nyuma hatua mbili kunitazama. Nilifurahi siku ile! Nilipiga picha nikaweka hata kwenye ukurasa wangu, baadhi yenu mkaandika "umependeza".

Huyu mtu hakuwa ananipenda mimi. Alikuwa anakarabati.

Daktari akaingia, glovu mkononi.

"Nini kimetokea? Mapigo yako yamepanda."

Nikampa picha.

"Huyu nani?"

"Mke wake. Alikufa miaka mitano iliyopita. Anataka nifanywe hivi."

Daktari akavua glovu moja. "Tunasimamisha?"

Hapa ndipo nataka mnisikilize vizuri, kwa sababu nimeona watu huku mitandaoni wakisimulia walivyokuwa mashujaa. Mimi sikuwa shujaa. Nilikuwa najua kila kitu, picha ninayo mkononi, mtu ameshanionyesha moyoni mwake kuna nani... na mimi nikasema nini?

"Endelea, Daktari."

"Unasema?"

"Endelea. Maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge. Nifanye hivyo hivyo alivyotaka."

"Mwanangu..."

"Sina mtu mwingine, mama! Nifanye kama yeye! Kama hiyo ndiyo pua anayoipenda, nipe!"

Nilipiga kelele hadi nesi akaja kunishika mabega. Nilikuwa tayari kuitwa jina la marehemu maisha yangu yote, mradi tu niitwe. Leo naandika naona aibu, lakini ndivyo ilivyokuwa, siwezi kuwafichia.

Daktari akasogea karibu. Akaipiga ile picha kwa tableti yake, akaifungua pembeni ya picha yangu aliyonipiga siku ya kwanza. Alitaka kuona atoe kiasi gani, aache kiasi gani. Akaanza kuzilinganisha, uso juu ya uso. Akaikuza. Akaipunguza. Akavaa miwani.



"Hii picha iliwahi kutengenezwa?"

"Ndiyo. Niliitengeneza mimi."

"Pua uliitoa wapi?"

"Kwani...?"

"Nakuuliza. Pua uliitoa wapi?"

Akanigeuzia tableti. Alikuwa ameilaza pua ya marehemu juu ya pua yangu, nusu inaonekana nusu haionekani. Mabawa juu ya mabawa. Mfupa juu ya mfupa. Upande wa kushoto, chini kidogo, kulikuwa na kashimo kadogo ka tetekuwanga niliyougua nikiwa na miaka saba.

Kashimo kamoja. Kwenye pua zote mbili.

"Nimefanya kazi hii miaka ishirini na sita," Daktari akasema polepole. "Nimeletewa pua za waimbaji, za mabibi harusi, za watu wa kwenye matangazo. Sijawahi kuletewa na mtu pua yake mwenyewe."

Nikakumbuka...

Nyie msiofanya kazi hii hamjui. Picha ikija na kipande kimepotea, hakuna miujiza, lazima uazime. Ndugu akiwepo, unaazima kwa ndugu. Asipokuwepo, kila fundi ana folda yake ya vipande vya nyuso, mimi yangu nimeiita Vipuri, kama ya gereji. Masikio, nyusi, meno, pua. Mteja huwa hatumwambii. Na vipuri vingi kwenye folda yangu ni vya kwangu mimi, kwa sababu tangu nianze kazi Bosi akijaribu taa mpya ananikalisha mimi. Mfano wa bure.

Wiki ile mvua ilikuwa inanyesha, umeme unakatika, kazi zimejaa. Pua yangu ilikuwa na mwanga uleule wa ile picha. Nikaiweka, nikaipunguza kidogo sana ikae, nikakaacha na kale kashimo makusudi, kwa sababu uso usio na kasoro mteja hauamini. Nikachapa, nikasahau. Kwa siku nilikuwa nasafisha nyuso kumi na mbili, nani angekumbuka?

Kwenye uso mwembamba wa marehemu, chini ya yale macho makubwa, ilionekana pua ya malkia. Kwenye uso wangu, pua hiyo hiyo, ndiyo ikawa inanichelewesha kuolewa!

Nilicheka jamani. Nilicheka kitandani pale hadi Dada akasikia nje akaingia bila kugonga, akijua nimeshawehuka.

"Nini?!"

"Dada, pua ninayoililia ninayo."

"Mimi nilikuambia nini?"

Kisha kicheko kikageuka, nikalia kwenye tumbo la dada yangu, na wino wa zambarau ukamchafua blauzi. Hajaacha kunidai blauzi hiyo mpaka leo.

"Daktari," nikasema nilipopata sauti. "Kope."

"Leo hapana, presha yako iko juu. Rudi Alhamisi."

Sasa kesho yake...

Mwalimu akaja studio saa nne asubuhi kumwambia Bosi kwamba nimelazwa, nimefungwa bandeji. Akanikuta nimekaa kwenye kompyuta yangu, utepe juu ya jicho, pua wazi.

"Mbona... hawajafanya?"

"Kaa hapo."

Akakaa kwenye kile kile kiti alicholilia. Nikalifungua faili. Kazi zetu hatuzifuti miaka mitano, na kila kipande kinakaa kwenye tabaka lake, unaweza kukizima na kukiwasha. Uso wa mke wake ukajaa kwenye skrini.

Alipomwona, akanywea. Bahasha yake ilikuwa mezani pembeni, akaiona nayo.

"Fundi, naomba nieleze..."

"Nitaeleza mimi kwanza. Kuna kitu nilikuficha miaka minne."

Nikabonyeza mara moja.

Pua ikatoweka. Likabaki lile tundu jeupe, vilevile kama siku alipoileta kwenye mfuko wa nailoni.

Mwalimu akatoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mwanaume.

"Irudishe!"

"Ile pua haikuwa yake. Niliiazima. Sikukuambia, na nilipaswa kukuambia. Kwa hilo naomba radhi kutoka moyoni."

"Irudishe, Fundi, tafadhali!"

"Unajua ni ya nani?"

Nikafungua picha ya pili. Mimi, nimekaa chini ya taa za Bosi. Nikaisogeza pua polepole kutoka kwenye uso wangu hadi kwenye uso wa marehemu. Ikaingia mahali pake.

Nyuma ya pazia, mkasi wa Bosi wa kukatia picha ndogo ulikuwa umenyamaza.

Mwalimu akaitazama skrini. Akanitazama mimi. Akarudi kwenye skrini. Nakuapieni, kwa miaka miwili ya uchumba ndiyo ilikuwa mara ya kwanza mtu yule kunitazama pua bila kukunja uso.

"Hapa..." akasema, kidole kwenye skrini.

"Hapo. Kioo cha fremu umekibusu miaka minne. Hii yenyewe hujawahi hata kuigusa."

Akalia. Na mimi, kusema kweli, nilimwonea huruma. Nilikuwa nimemnyang'anya mke mara ya pili, na mara ya kwanza ya kunyang'anywa hakuwa na kosa. Nikataka kumshika mkono.

Halafu akafuta machozi, uso ukang'aa.

"Kumbe unayo!" akasema. "Fundi! Kumbe muda wote unayo! Basi hakuna haja ya operesheni! Tuoane mwezi huu huu!"

...

Nikaangalia saa kwenye pembe ya kompyuta. Saa nne na robo.

"Mwalimu."

"Naam, mpenzi!"

"Umeanza kunipenda saa hii?"

Hakuelewa. Akabaki anatabasamu, na macho yake hayakuwa machoni pangu, yalikuwa chini kidogo, puani.

Hapo ndipo mwenzenu nilipopona. Maana nilielewa kwamba nikimkubali, nitaishi nyumba moja na mtu anayeishi na kipande changu. Nikavua pete yake ya uchumba, nikaiweka juu ya bahasha.

"Picha yako nitakuachia ilivyo," nikamwambia. "Ukitaka na pua yangu, chukua. Mimi sina haja ya kuikata."

Hakuichukua picha. Alichukua pete, akasimama mlangoni muda, akaondoka. Lile gari la breki mbili likazimika mara tatu kabla ya kuwaka.

Bosi akafungua pazia. "Fundi..."

"Usiseme kitu, Bosi."

"Nilitaka kusema uchukue likizo ya jicho. Kiti chako kitakusubiri."

Alhamisi Daktari akanyanyua kope yangu. Ganzi tu, niko macho, nusu saa na ushee. Siku walipofungua bandeji, Dada alikuwa amekaa mbele yangu, na kitu cha kwanza nilichokiona kwa macho mawili ni mvi zake. Sikujua kama dada yangu ameota mvi!

"Umezeeka," nikamwambia.

"Na wewe umeanza kuona," akajibu.

Mkadhani imeisha? Na mimi nilidhani hivyo.

Wiki tatu baadaye nimekaa kazini, bila utepe, akaingia msichana mmoja na bahasha ya kaki.

"Wewe ndiye Fundi? Nimetumwa na shemeji yangu. Mwalimu wa udereva."

Nikaacha kipanya.

"Mimi ni mdogo wake na marehemu. Tangu mazishi shemeji aligombana na wazazi wangu, miaka mitano hajakanyaga kwetu. Juzi kaja, kapiga magoti mlangoni, anaomba picha ya dada. Mama kampa hii. Imekunjika kidogo tu. Kasema uitengeneze wewe, na usiongeze kitu."

Nikaitoa.

Ni yeye. Macho yale yale makubwa, kidevu kile kile. Amekaa kwenye ngazi ya nyumba, ameshika bakuli, anacheka kwa meno yote.

Na pua yake...

Jamani, pua yake ilikuwa pana! Pana kuliko yangu mara moja na nusu! Imekaa katikati ya uso raha mustarehe, na kicheko kimeitanua zaidi.

Nikaipima. Ndiyo kazi yangu, kupima. Nikaipima mara mbili.

Yaani mtu yule aliwahi kumpenda mwanamke mwenye pua ile. Aliibusu kila asubuhi. Akaja akaisahau, akaamini picha, akanitaka mimi nikate yangu iwe nyembamba kama... kama yangu! Na laiti angekwenda ukweni kuomba picha mapema, angeikuta pua kubwa kuliko zote tulizokuwa tunazigombania, na mapenzi tele juu yake.

Nikaanza kazi. Nikaondoa mkunjo, nikatoa doa la maji kwenye ngazi. Bosi akapita nyuma yangu na kikombe chake, akachungulia, mazoea hayana dawa.

"Hiyo pua ipunguze kidogo, Fundi. Mteja atafurahi."

"Hii siigusi, Bosi."

Niliichapa ilivyo, nikaifunga, nikampa yule msichana bila malipo. Sijui Mwalimu alisemaje alipoiona. Sikuuliza, na msinitumie ujumbe kuuliza.

Wewe unayesoma hapa, umejikusanyia akiba kwa shida, inatosha kitu kimoja tu usoni, na hujui uanze na kipi... utaratibu wa Daktari nimeshakupa bure huko juu, rudi ukausome. Mimi nitakuongezea swali moja tu la kujiuliza kabla hujalala kile kitanda: hiki ninachotaka kukata, nani aliniambia kina kasoro, na yeye alikuwa anatazama nini?

Jioni ile nikaifuta folda ya Vipuri, yote. Siku hizi mteja akileta uso wenye tundu namwambia akatafute ndugu.

Pua yangu niliiacha mahali pake, pamoja na kashimo kake.